Kwa Mama, Aliyeijua Damu Yetu

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ulipotuaga, na jiko lako bado linanukia vanila. Baba anasema ni mawazo yetu tu. Mwongo! Yeye ndiye anayefungua kopo akanusa, akidhani hatumwoni.

Ulikuwa mwoka keki usiyeruhusiwa kula keki. Mafuta katika damu uliyarithi kwa babu, na sukari ikiyapandisha kuliko hata nyama. Siku ile ya kupimwa uliambiwa uende hujala kitu, lakini damu ikatoka nyeupe kama maziwa. "Mama, umekula?" akauliza muuguzi. "Sijala, mwanangu. Nimeonja tu." Kumbe ulikuwa umeonja krimu ya keki tatu za harusi! Ukaambiwa urudi kesho yake, na kicheko chako kikasikika hadi kwa mlinzi getini.

Lakini kuna jambo ambalo hukulifanyia mzaha. Ujanani ulimeza vidonge vya uzazi wa mpango, homoni zake zikayapandisha mafuta, kongosho likavimba, ukalazwa wiki mbili. Ndiyo maana kitinda mimba wako alipopata ujauzito ulimwandama asubuhi na jioni.

"Homoni za mimba nazo huyapandisha. Nenda kapime."

"Mama, acha kunichuria! Mimi mwembamba hivi, mafuta yatoke wapi?"

Vyakula vya kukaanga hakuvigusa, ni kweli. Ila juisi ya sukari alikuwa anamaliza jagi zima, akijisifu kwamba haina mafuta.

Ukamfuata mpaka kliniki, ukaketi mbele ya daktari. "Siondoki mpaka apimwe." Majibu yalipotoka, daktari mwenyewe alisimama. Mimba ilikuwa ya miezi sita, na mafuta yamefika pale pa kumuua yeye na mtoto.

Ulizima tanuri miezi mitatu, ukahamia kwake. Juisi ukaimwaga, mkate mweupe ukaugawa kwa majirani, ukampikia maharage, mboga na samaki wa kuchemsha, huku daktari akimpima kila wiki. Alilia, alinuna, akakuita askari jela. "Niite utakavyo," ukamjibu, "bora ule." Mafuta yakashuka, na mtoto akazaliwa na kilo tatu na kelele za watoto wanne. Wewe nawe ukacheza wodini mpaka ukaombwa utoke nje.

Binti yako hakupata kukuomba radhi kwa maneno yale. Alidhani muda upo. Leo anasema mbele ya watu wote: Mama, nisamehe, na asante.

Mjukuu wako ulimbeba miezi mitatu tu. Sasa anatembea, Mama. Anaanguka, anainuka, anamkimbilia mama yake, na mama yake yupo.

Unakumbukwa na mumeo, wanao wanne, wakwe zako, mjukuu wako, na mtaa mzima uliokula keki zako. Hatutakusahau kamwe.