Waliokuja Kuomba Moto

Mjukuu wangu, mume wangu Salumu,

Marahaba. Huku Mkuyuni tu wazima, na mbuzi wako kazaa. Umeuliza kama upweke haunimalizi tangu babu yako atutoke.

Enzi za Mjerumani mjomba wangu alichukuliwa upagazi, hakurudi. Bibi yangu akawa wa kulala tu, mafiga yakapoa. Majirani wakaanza kumjia kila asubuhi kuomba kaa la moto, ikambidi aamke akoke. Siku moja nilitumwa kwao, nikakuta kila jiko linawaka.

Jana Mama Rehema kaja kuniomba moto. Kiberiti nimekiona, kakifunga kwenye pindo la khanga. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nikamchagulia kaa kubwa.

Bibi yako,
Mwanaidi