Kwenye Simu, Baba Hayumo

Jumapili, alasiri. Joto la Tabora leo halina adabu. Mawingu yamejikusanya tangu asubuhi, yanatutishia tu, hayanyeshi. Nimefungua madirisha yote ya sebuleni na ukimya bado haujatoka.

Mama ameondoka leo. Nitafika huko. Kwanza niseme habari ya kisanduku, maana wiki nzima hii kimekaa kichwani mwangu, na majirani hapa mtaani Ng'ambo wameshaanza kuniangalia kwa huruma.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani siku za kazi na mpiga besi wa bendi ya mjini kila Jumamosi. Alituachia cherehani, amplifaya ya zamani yenye spika mbili kubwa kama makabati, na kaseti za bendi yake, ambazo kaka yangu alizihamishia kwenye simu zetu sote. Muda wote wa eda ya Mama hatukupiga muziki nyumbani. Eda ilipokwisha nikasema, haya, sasa tumsikilize mzee.

Nikaweka simu mezani, nikabonyeza. Waimbaji wapo. Tarumbeta zipo. Kelele za wacheza dansi zipo.

Baba hayumo.

Spika ya simu haina ubavu wa kutoa besi. Nikaunganisha simu na amplifaya kwa kidude cha bluetooth nilichokinunua zamani kwa bei ya kutupa. Kikaleta mvumo usioisha, mmmmm, na mvumo wenyewe ukakaa palepale besi inapokaa. Mama alisikiliza kidogo, akajifunga kanga yake upya, akasema anarudi kwao Puge kwa Mjomba. Mvua zinakaribia, akalime. Hapa nyumbani, akasema, hakuna mtu.

Mimi nipo! Mimi si mtu?

Maneno hayo nikaondoka nayo. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo visafi.

Ndipo nikaanza kutafuta kisanduku chenyewe, DAC. Kwa asiyejua, wimbo ndani ya simu ni namba tupu, na DAC ndiyo inayozigeuza namba hizo ziwe sauti ambayo amplifaya au hedifoni inaipokea. Simu yangu haina tundu la hedifoni, ya Mama vilevile, na DAC iliyomo kwenye kile kidude cha bluetooth, kusema kweli, ni takataka. Nimesoma mitandaoni mpaka macho yakaniuma. Jamani, kuna watu wanagombana kuhusu sauti ambazo hata popo hawazisikii! Nilichoambulia ni hiki: ya bei nafuu inatosha, mradi iwe safi, isiwe na mvumo, na ikubaliane na simu yako. Pesa ikibaki, nunua spika.

Duka ninaloliamini ni la Kondo. Kondo ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wetu sisi Wanyamwezi, na ninamwamini kwa muziki tu. Kwenye msiba wa Baba, ndiye aliyetoka chumbani kavaa koti la marehemu, kajikunja mgongo kama yeye, kashika ufagio anaupiga kama gitaa la besi, jicho moja kalifumba. Waombolezaji waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku wanalia. Mama alicheka kajifunika kanga mpaka mabega yakatikisika. Wageni wasiojua utani walikasirika. Sisi tulimpa Kondo kuku wake, maana kazi yake aliifanya.

Aliponiona nimerudi tena dukani kuvishikashika visanduku bila kununua, akapaza sauti watu wasikie.

"Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu pwani, wewe kijisanduku hiki kinakushinda? Nunua sabufa ukalale!"

Nikamwambia babu zake walikuwa wamekaa wanakula ubwabwa, wanasubiri sisi tutue mizigo. Na sabufa sitaki. Kila mtu mtaani ananishauri sabufa. Sabufa ingemfanya Baba asikike kama mtu anayetwanga muhogo.

Akaniazima DAC mbili nikazijaribu nyumbani, kwa sharti nichague moja nirudishe nyingine. Mfuko wangu nao ulikuwa unasema hivyohivyo.

Ya kwanza ni kubwa kiasi, sawa na tofali, nyeusi, ina kitufe kizito cha kuzungusha sauti. Inachomekwa ukutani, halafu waya unakwenda kwenye amplifaya. Ya pili inakaa kiganjani. Unaichomeka kwenye tundu la chaji la simu, inakula betri ya simu yenyewe, na upande wa pili unachomeka hedifoni. Basi.

Mimi nilitaka ile kubwa. Niliitaka hata kabla sijasikia sauti yake. Na hapa nitaandika ukweli, kwa sababu nisipouandika hapa sijui nitausemea wapi: kitu kinachochomekwa ukutani hakisafiri. Niliwaza, Baba akipatikana sebuleni, Mama naye atabaki sebuleni.

Jana mchana nikamkalisha Mama kwenye kiti cha Baba, nikawasha kubwa. Mvumo hakuna. Kimya safi, halafu bendi ikaingia, halafu chini ya bendi akaingia Baba. Wallahi nilisimama. Besi nene, ya taratibu, inatembea kwenye sakafu mpaka nyayoni.

"Ndo huyo," Mama akasema. Kisha akanyoosha kidole hewani. "Hapo! Umesikia alivyochelewa? Bendi nzima imeshafika, yeye ndo anakuja. Hata chai yangu alikuwa anaiacha inapoa."

Kweli. Kila pigo lake lilichelewa kidogo, kiasi cha mtu kuvuta kiti. Nimeishi na baba yule maisha yangu yote na sikuwahi kujua.

Nikajiona nimeshinda. Ningeishia hapo! Lakini nilikuwa nimeazima mbili, na haki ni haki, nikamvalisha hedifoni na kile kidogo. Aliikandamiza masikioni kwa viganja. Halafu, kwa kuwa masikio yalikuwa yamezibwa, akapiga kelele.

"MBONA YUKO KARIBU HIVI?"

Jirani akaitikia abee kutoka ng'ambo ya ukuta. Mama hakumsikia. Alifumba macho na akarudia wimbo, akarudia tena. Nilipogusa hedifoni nimvue, alinipiga mkono.

Alipovua mwenyewe, aliuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa.

"Na simu yangu itaikubali? Kule kwa Mjomba wako umeme ni wa sola, lakini simu tunachaji."

Nilitaka kusema haitaikubali. Neno lilishafika mdomoni. Mama haelewi mambo haya, angeniamini, na leo angekuwa hapa sebuleni. Nilimwangalia alivyoushika ule waya kwa vidole viwili, kwa uangalifu, nikasema itaikubali, Mama. Nikaichomeka kwenye simu yake nikamwonyesha.

Nilipompigia Kondo kumwambia nimechukua ndogo, nilijiandaa kwa matusi ya utani. Hakutania. Aliuliza tu basi linaondoka saa ngapi.

Asubuhi ya leo alikuja kubeba mzigo wa Mama mpaka stendi, anasema anamsindikiza shemeji yake Mnyamwezi asije akasahau njia ya kwao. Mama akapanda basi la Nzega, akapata kiti cha dirishani, na kabla hata hajatulia akavaa hedifoni juu ya mtandio. Nilikuwa nimepanga la kumwambia. Nilikuwa nimelipanga vizuri.

"Mama, kwaheri. Mama!"

Hakunisikia. Alikuwa anaangalia mbele, na vidole vyake vinagonga kioo, kwa kuchelewa kidogo.

Nikanyanyua mkono nigonge dirisha. Kondo akaushika.

"Mwache. Yuko na mume wake."

Nilikasirika, halafu nikacheka, halafu nikalia mbele ya wauza maji na makondakta wote wa stendi. Mtani wangu alisimama pembeni akawaambia watu nimelia kwa sababu nimenyimwa nauli.

Sasa nimekaa hapa. Ile kubwa nitairudisha kesho dukani akifungua. Leo bado iko mezani, taa yake inawaka, kiti cha Baba kimeielekea, na nimeshika simu yenye nyimbo zake zote. Nimwekee nani?