Mbuzi wa Mtowisa Wanalaliana

Jumatano, 9 Julai. Asubuhi ukungu na baridi kali, maji ya ndoo yaliniuma vidole.

Kumbe kosa la fremu kulegea si la fundi wa kuchomelea, ni langu. Fremu niliyomchorea Daktari wa mifugo kwa utafiti wake, ile ya kushika mfupa wa mguu wa mbuzi mpaka uunge, niliijaribu kwa mbuzi mmoja mmoja, akilala peke yake. Sikufikiria kwamba hawa wametoka Mtowisa, bondeni kwenye joto, na usiku huku juu wanalaliana kwa baridi. Skrubu za mmoja zinanasa kwenye manyoya ya mwenzake, asubuhi fremu zimelegea.

Leo nimezikata skrubu ziwe fupi na kuzifunika kwa mpira. Jioni yule jike mweusi akakanyagia mguu mbovu taratibu, kama mtu anayeonja chai ya moto.

Nikampigia Baba. Mguu wake ulivunjika ng'ombe alipomwangusha, ukaunga upande, na hajapanda tena kutoka Mtowisa kuja kwangu. Zamani alikuja kila baada ya mavuno, mchele begani, akiitukana baridi yetu tangu mlangoni.

"Shikamoo Baba. Mbuzi amesimama."

"Marahaba. Ana bahati huyo. Mimi utanifunga lini hayo machuma yako?"

Nilicheka naye. Sikuweza kumwambia kwamba fremu ni ya mfupa uliovunjika karibuni, na wake umeshakomaa hivyo hivyo ulivyopinda. Laiti ningeichora mapema...

Blanketi alilokuwa akijifunika akija lilikuwa bado juu ya kabati. Nimelishusha, nalala nalo. Saa sita kasorobo usiku.