Wajukuu wa Waliokanyaga

Jumatatu, 2 Februari

Zamu ya asubuhi, nyumba ya wazee ya Maplewood. Miguu ya Bi Haru: maji ya vuguvugu, sabuni, taulo, mafuta katikati ya vidole. Kisha soksi, sweta, kiti cha magurudumu, uji ambao haupendi. Nje baridi ya kukata masikio. Miaka ishirini na mbili nilifundisha historia sekondari, Iringa. Leo, huku ughaibuni, nimesifiwa kwa kukata kucha bila kumtoa bibi damu.

Jana kanisani Richfield, Ombati tena. Mkenya wa Eden Prairie, kazi ya kompyuta, gari linalomwongelesha. Kampuni ilimpeleka Nagasaki siku tatu, sasa ndiye mtaalamu. Eti kwa kuwa Saint Paul yetu ya hapa na Nagasaki ni miji dada, anatupa masomo. Kasema Nagasaki ndiyo mji mkuu wa Japani. Loh! Ni makao makuu ya mkoa, bwana wewe, kama Iringa. Kasema Waholanzi ndio waliopeleka Injili. Ni Wareno! Waholanzi waliachwa wakae Wareno walipofukuzwa, tena kwenye kijisiwa cha kutengenezwa, kwa sababu walikuja kuuza na kununua tu. Watu wakapiga makofi. Ovyo kabisa.

Jumanne, 3 Februari

Ombati kapiga simu. "Prof, si utusaidie Sunday na ile part ya mateso ya Wakristo wa huko? Wewe ndio uko na hizo vitu kwa kichwa." Nimekubali. Nitamuumbua mbele ya watu, kwa adabu.

Prof. Wote wananiita hivyo. Siku yangu ya kwanza pale kanisani, miaka minne sasa, mtu aliniuliza nafanya kazi gani. Nikasema nafundisha chuoni. Ulimi uliteleza, sikuurudisha. Nusu ya kanisa wanaogesha wazee kama mimi na hawaoni haya. Mimi naona.

Jumatano, 4 Februari

Somo liko tayari. Ukristo ulipopigwa marufuku, wakubwa waliweka chini bamba lenye sura ya Yesu, kila mwaka mpya, na watu wa Nagasaki wakapita mmoja mmoja kulikanyaga. Asiyekanyaga ni Mkristo, na Mkristo akateswa, akauawa. Basi wakakanyaga. Chini yake nimeandika kwa herufi kubwa: WAOGA.

Bi Haru ni wa hukohuko, bonde la Urakami. Alikuja Saint Paul kwa kuolewa. Namvalisha soksi, nikamuuliza kama analijua hilo bamba. Uso ukachangamka. Kumbe ukoo wake wote ni Wakristo wale waliojificha vizazi na vizazi bila padri. Anataka aje Jumapili kunisikiliza. Nimsukume mimi.

Nikamwambia kuna theluji. Nikamwambia kanisa lina ngazi. Halina ngazi.

Alhamisi, 5 Februari

Kauliza tena. Ngazi, nimesema. Nina hasira naye. Profesa gani anayesukuma bibi wa Kijapani na kujua dawa zake za saa nne? Wataunganisha mambo. Akae hapahapa, televisheni anayo.

Ijumaa, 6 Februari

Nimemsomea somo, nikalitafsiri kwa Kiingereza, ili aridhike asije. Kwenye WAOGA kanyanyua mkono. Waliokataa waliuawa, kasema. Sisi tuliobaki ni wajukuu wa waliokanyaga. Bibi yake alimsimulia: walikanyaga, wakarudi nyumbani, wakaosha miguu, wakanywa yale maji, wakaomba toba. Mwaka uliofuata tena. Zaidi ya miaka mia mbili. Mwisho marufuku ikaondoka, wakajenga kanisa kubwa bondeni. Halafu bomu likaangukia bonde hilohilo. Yeye alikuwa kwa shangazi yake, nyuma ya mlima. Nikamfunga viatu.

Kaniharibia somo. Sifuti neno hata moja.

Jumamosi, 7 Februari

Sina kazi leo. Natafuta nakala moja ya somo, ile yenye anwani ya kanisa. Haipo. Nimepiga pasi suti.

Jumapili, 8 Februari

Nilikuwa nimefika kwenye WAOGA mlango ukafunguka. Bi Haru, kofia nyekundu, mjukuu wake wa kike akimsukuma. Mkononi karatasi yangu. Kumbe niliisahau mezani kwake.

Ombati akamrukia na kipaza sauti chake. Akahamia Kiingereza ili mgeni asikie, akaniuliza mbele ya watu wote kama namfahamu huyu mama.

Nikasema hapana.

Uso wa Bi Haru haukubadilika. Ombati akamuuliza amealikwa na nani. Akaninyooshea kidole, akasema: yule ni mwalimu, nimekuja kumsikiliza. Basi. Hakutaja miguu wala sabuni. Mjukuu wake akaniangalia kama kitu kilichonasa kwenye kiatu. Nikaliruka lile neno na maelezo yake, nikasoma yaliyobaki mbiombio. Makofi. Ombati ndiye aliyeongoza.

Wiki nzima nimemdharau mtu yule. Sijawahi kumdharau kama nilivyojidharau leo.

Jumatatu, 9 Februari

Maji ya vuguvugu, sabuni. Sikuinua uso. Nikamwambia: jana nilikanyaga. Akaniuliza, uliporudi nyumbani ulifanya nini? Nikasema nilipasha wali, nikala, nikalala. Akacheka mpaka akakohoa.

Nikamfuta miguu, nikatoka kwenye korido. Nikaandika kwenye kundi la kanisa: Mimi si profesa. Naogesha wazee Maplewood, zamu ya asubuhi. Yule mama namfahamu, nilisema uongo.

Ombati akaandika: "Tunajua, Mwalimu. Tangu mwaka juzi. Wife alikuja hapo interview akakuona. Sunday tutakuja na van tumchukue mama, na umalizie ile part uliruka."

Tangu mwaka juzi. Wote. Na Prof wakaniita, kwa sababu nililitaka jina hilo. Ombati, asiyejua tofauti ya mkoa na nchi!

Nilirudi chumbani. Bi Haru alikuwa amesinzia kwenye kiti. Beseni lilikuwa bado pale, maji yamepoa. Nikayatazama kidogo, kisha nikayamwaga, nikamvalisha soksi.