Kengele za Mzee Gero

Gorni Lozak, 5 Oktoba 2003

Kwa mke wangu Zdravka,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Bologna, na huyo bibi unayemtunza naye anaendelea vizuri. Mimi sijambo, ila mgongo, na mgongo wangu unaujua.

Pilipili hoho nimezichoma na kuzitia kwenye chupa kama ulivyoniagiza. Nusu ziliungua kwa sababu jirani Stamen alikuja kuonja pombe yetu ya rakia ya mwaka huu, tukasahau moto. Nakutumia chupa tatu kwa mkono wa Mitko, dereva wa basi.

Sasa nisikilize, na usikunje uso kabla hujamaliza kusoma. Mzee Gero wa kijiji cha ng'ambo miguu imemshinda, anauza kengele zake za kufunga kiunoni siku ya ngoma ya Surva. Ni seti nzima, kuanzia ile kubwa inayonguruma hadi zile ndogo za pembeni, zote zimefuliwa na fundi mmoja na zinaitikiana. Amekataa kuzitenganisha. Kuna mtu alikuja na gari kutoka Sofia akitaka mbili tu za kutundika kwenye mgahawa wake, Gero akamtoa uani kwa fimbo. Mimi ameniambia ananiwekea hadi mwaka mpya, kwa sababu anakumbuka nilivyokuwa nikicheza.

Bei yake, sikufichi, inakaribia ile ya madirisha mapya. Najua ni fedha yako, unayoipata kwa kumgeuza bibi wa watu kitandani. Lakini haya madirisha ya zamani bado yanafunga. Ukishindilia gazeti pembeni hata upepo hauingii. Na mimi sinunui kitu mwaka mzima, wewe mwenyewe umesema suruali yangu inaaibisha ukoo.

Fikiria tu, sina haraka.

Mumeo,
Rangel


Bologna, 19 Oktoba 2003

Kwa mume wangu Rangel,

Salamu zako zimefika. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Signora Ines naye mwili ni mzima, kichwa ndicho kinachoendelea kumtoroka. Jana aliniita kwa jina la dada yake kutwa nzima. Pilipili kweli zimeungua. Yeye alikula mbili akaomba ya tatu, lakini huyo hata sabuni angekula nisipomwangalia.

Kuhusu kengele, jibu ni hapana.

Una miaka hamsini na saba, Rangel. Mwaka jana ulibeba gunia moja la viazi ukatembea umekunjika hadi Pasaka. Leo unataka kujifunga kiunoni uzito wa kondoo mzima, uvae kinyago, urukeruke kwenye theluji na vijana. Ukianguka nani atakuja kukugeuza? Mimi mgonjwa tayari ninaye. Na hayo madirisha unayoyasifia, anayelala upande wa dirisha si wewe.

Kengele ulikuwa nazo. Uliziuza mwenyewe tuliponunua jiwe la kaburi la mwanetu. Sikukulazimisha, na sitazinunua mara ya pili.

Jumamosi ya wafu imekaribia. Chemsha ngano, umpelekee kaburini, na usisahau kumwagia mvinyo. Kisha tazama karatasi yake ya msiba pale langoni. Kama mvua imeingia kwenye picha, mwambie Stamen akuchapie nyingine ofisini kwao. Picha iwe ileile ya shati jeupe.

Mkeo,
Zdravka


Gorni Lozak, 9 Novemba 2003

Kwa Mama Krasi,

Salamu sana. Huku tu wazima. Bibi Lozena wa mtaa wa chini anakusalimu na anauliza kama ni kweli Waitaliano hawali mtindi. Ngano niliichemsha na kuipeleka. Nilizidisha sukari, wanawake makaburini wakaonja wakatazamana, lakini bakuli lilirudi tupu. Karatasi nimeibadilisha, shati jeupe, nimeifunika kwa nailoni.

Nimelipokea neno lako la hapana. Nimekaa nalo, nimekula nalo, nimelala nalo, na bado sijalizoea. Kwa hiyo sikia mashauri yangu mapya. Sigara naacha. Hilo umelidai tangu tuoane, sasa unalipata. Yule kondoo dume namuuza, maana ameshanipiga mara mbili na simpendi. Na kazi ya uhunzi wa mageti nimepewa huko Radomir majira ya kuchipua, fedha yote itakwenda kwenye madirisha, hata ya choo.

Mgongo usiuhofie. Kengele hubebwa kwa magoti. Wasiojua ndio wanaotumia mgongo.

Mwanetu angekuwepo angekuwa ameshafika kwa Gero kabla yangu. Unakumbuka mwaka ule alipokuwa bibi harusi wa kundi la Surva? Ndiye aliyekuwa mwembamba kuliko wote, wakamvika gauni lako la harusi na shela, nawe ukamfuata kijiji kizima ukimkanya asiburuze pindo kwenye matope. Wazee walipopanga foleni kumbusu ulicheka hadi ukakaa kwenye theluji. Sijakuona ukicheka vile tena.

Mumeo,
Rangel


Bologna, 20 Novemba 2003

Rangel,

Usiniite tena jina hilo. Tulikubaliana tuliporudi kutoka makaburini kwamba halitatumika. Mama Krasi ni mwanamke mwenye Krasi, na mimi sinaye.

Mwaka wa nne huu haujafika hata mwisho, wewe unatafuta za kuchezea. Kama unataka kucheza juu ya mwanangu, cheza. Uza kondoo, uza paa. Fedha yangu hutaipata.

Zdravka


Gorni Lozak, 14 Desemba 2003

Kwa Zdravka, mke wangu,

Natumaini u mzima. Nimekaa kimya kwa sababu nilianza barua mara nyingi nikazitia jikoni kuwashia moto. Theluji imeanguka. Chakula kipo, kuni zipo, usiwe na wasiwasi.

Nimemwambia Gero asinisubiri. Akaniambia atasubiri tu, kengele ni zake. Lakini mimi nimeshaacha kuziomba, na barua hii si ya kuziomba. Nataka tu ujue kitu ambacho hukijui, maana kila Januari iliyopita tangu msiba wewe umekuwa huko.

Siku ya Surva kundi huanzia chini kwa Bibi Lozena. Nalisikia tangu mbali. Wanapanda nyumba kwa nyumba, wanaruka uani, watu wanatoa mvinyo na soseji, kelele zinakaribia mpaka vikombe kabatini vinatetemeka. Wakifika kwenye mti wetu wa mjozi wanaiona karatasi langoni, kwamba nyumba bado ina msiba. Basi wanafanya kama sisi sote tulivyofundishwa, kila mtu anazishika kengele zake kwa mikono miwili zisilie, wanapita kwa kunyata, wanaume wazima wenye manyoya na pembe, mpaka wavuke ukuta wetu. Kwa Stamen wanaziachia tena.

Mimi huwa nimesimama nyuma ya pazia. Wanatuheshimu, najua. Niliwahi kupita hivyo kwenye milango ya wenzangu nami nikajiona nimetenda wema. Sikujua aliye ndani anasikia nini. Zdravka, ule ukimya ni mbaya kuliko siku ya mazishi. Kengele hizo ni za kufukuza mabaya ya mwaka, na kwetu hakuna aliyefukuza chochote tangu mtoto afe. Yote bado yamo humu ndani, na ninayekaa nayo ni mimi.

Sikutaka kucheza juu yake. Nilitaka kutoka nje nikacheze kwa sababu ndani siwezi tena.

Nakutakia Krismasi njema. Mitko nimempa kipande cha nyama kavu akuletee, usimpe yote bibi.

Mumeo,
Rangel


Bologna, 28 Desemba 2003

Kwa mume wangu Rangel,

Salamu za dhati. Barua yako niliisoma jikoni, nikaisoma tena bafuni ambako mlango una kufuli. Afya yangu ni nzuri. Nyama imefika, imetushinda meno sote wawili, lakini tunaifyonza.

Ndani ya soksi za sufi alizokuletea Mitko kuna bahasha. Nenda kwa Gero. Nunua seti yote, usimwache atoe hata moja, na usibishane bei na mtu ambaye miguu imemshinda. Madirisha yatasubiri.

Na mimi nikwambie kitu ambacho hukijui. Signora Ines huniuliza kila asubuhi nina watoto wangapi. Siku ya kwanza sikuweza kutamka, nikasema ninaye mvulana, anaitwa Krasi, yuko nyumbani, anafanya kazi na baba yake. Akafurahi. Kesho yake akawa amesahau, akauliza tena. Tangu hapo najibu vilevile kila siku, na naongeza. Amepata mchumba. Ameng'oa jino. Amepaka rangi geti. Bibi wa watu anacheka, anasema mwalike aje tumpikie. Ndiyo maana sirudi, Rangel. Ulidhani ni fedha, na mimi nilikuacha udhani hivyo. Nyumba hii ndiyo pekee duniani ambamo bado yuko hai.

Cheza, basi. Nakuruhusu na sikununii. Lakini ile karatasi usiiguse. Hiyo nitaitoa mwenyewe, siku nitakayoweza.

Funga kiuno vizuri, uvae fulana mbili.

Mkeo,
Zdravka


Gorni Lozak, 16 Januari 2004

Kwa mke wangu,

Salamu nyingi na asante isiyo na mwisho. Niko salama, mgongo pia, ingawa ngazi nazipanda kwa kukaa.

Kengele ni zangu. Gero alinifunga mkanda kwa mikono yake, akiwa amekaa kwenye kiti, akaniambia ruka. Niliruka mara moja tu jikoni kwake. Mkewe alishika vyombo, na Gero akageuka ukutani ili nisimwone uso.

Siku ya Surva waliniweka mbele, kwa heshima ya seti. Tulianzia kwa Bibi Lozena. Alinipiga kofi la mgongo akasema, nani huyu mzee aliyevaa ng'ombe, nikamjibu ni mchumba wako, akasema umechelewa miaka arobaini. Tukapanda mtaa. Nisikufiche, nilikuwa na furaha. Magoti yalikumbuka kila kitu.

Kisha tukafika kwenye mjozi. Nilikuwa mbele, kwa hiyo mimi ndiye niliyeiona karatasi kwanza. Shati jeupe, chini ya nailoni, na theluji kidogo pembeni. Nyuma yangu nikasikia wamenyamaza mmoja mmoja. Wote wamezishika, wananingoja. Stamen akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, Rangel, hii ni nyumba yako, itoe tu, tuingie. Nikamwambia si yangu kuitoa.

Basi nikazishika. Seti nzima haitoshi mikono miwili, Zdravka. Ile kubwa niliibana kwa magoti, nyingine nikazikumbatia tumboni, nikapita mbele ya geti langu mwenyewe kwa kunyata. Moja ndogo ilinitoroka ikalia. Nikasimama nikaomba radhi, sijui kama ni kwako au ni kwake. Baada ya pale niliwaambia vijana waendelee bila mimi. Niliingia kwa mlango wa nyuma nikakaa na mkanda kiunoni hadi moto ulipozimika.

Sikulaumu. Uliniambia nisiiguse na sikuigusa. Kengele zimetundikwa kwenye chumba cha mwanetu, chini ya blanketi.

Mumeo,
Rangel


Bologna, 1 Februari 2004

Kwa Baba Krasi,

Salamu. Mimi ni mzima. Barua hii nampa Mitko leo, na mimi nafuata kwa basi la Ijumaa ijayo. Mpwa wa Signora amepata mtu mwingine wa kukaa naye.

Leo asubuhi aliniuliza, nina watoto wangapi. Nikamwambia ukweli. Nilimwambia ninaye mvulana, anaitwa Krasi, alikufa barabarani kwa pikipiki akitoka kazini, akiwa na miaka ishirini na miwili. Alilia, maskini, akanishika kichwa akanibusu nywele. Tukanywa kahawa. Baada ya kahawa akaniuliza tena, nina watoto wangapi. Nikamwambia tena, naye akalia tena upya. Mara ya tatu sauti yangu haikukatika.

Basi huteremsha watu kituoni asubuhi ya Jumapili. Usije kunipokea, mzigo ni mdogo, nitapanda mtaa mwenyewe. Wewe vaa mkanda wa kengele ukae uani. Surva imepita, watu watatucheka, Bibi Lozena atakuwa wa kwanza. Wacheke.

Nikifika getini nitaitoa ile karatasi kwa mikono yangu. Huenda nikachukua muda, usitoke kunisaidia na usiseme neno. Ukiona nimeikunja nimeitia mfukoni, ziachie kengele zote, mpaka nikwambie basi.

Mama Krasi