Gari la Kaka Yako Limeshushwa Tena

Shemeji Kiyoharu,

Matufaha yamefika, asante. Mama yenu kala mawili.

Kaka yako Tetsuo yuko uvunguni mwa gari kama kawaida. Amefunga springi fupi tena, sasa gari linaburuza tumbo kila tuta. Ukaguzi wa serikali ukikaribia huwa anarudisha springi za kiwandani, gari linapita, na kwa wiki moja na sisi tunakaa kama watu. Halafu anazing'oa. Nikimwambia mama yenu anateseka, ananijibu, "Wewe naye. Mwenyewe mbona halalamiki?"

Ni kweli halalamiki. Magoti hayamwinui kwenye kile kiti cha gari kilichoshuka, basi anasema hana pa kwenda. Juzi nimemkuta kashika kifua, jasho linamtiririka. Nikataka kuita teksi, akanishika mkono. "Acha, mwanangu. Majirani watasema Tetsuo ana gari na kashindwa kunipeleka. Nitakwenda hospitali gari likinyanyuliwa kwa ukaguzi."

Mpigie Tetsuo simu wewe, maana mimi nikifungua mdomo tu anawasha injini na kukanyaga mafuta.

Ukaguzi ni mwezi wa kumi, shemeji. Huku ni mwezi wa tatu, theluji ndiyo kwanza inayeyuka.

Ni mimi, niliyechoka,
Chizuru