Majani ya Mteremkoni

4 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti linakuruhusu kulala. Mimi mzima, ila viganja vimeota malengelenge ya toroli. Kibogoyo wangu hajambo? Jino la pili limetoka au bado linaning'inia?

Kazi ya bustani ya jiji nimeianza. Nimepewa njia ya waenda kwa miguu inayopita katikati ya miti mpaka kijitoni. Nafagia, naokota chupa, nakata matawi yanayowachoma watu machoni. Niko kwenye majaribio mpaka mwezi wa tano. Nikipita, napewa chumba kando ya geti, cha peke yangu. Ulisema mwanangu hatoki kwako kuja kubanana na wanawake wanne chumba kimoja. Sikubishii. Basi hicho chumba ndicho ninachokikimbilia.

Mbusu kwenye pengo.

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, nimelizoea kama jirani mkorofi. Jino kalimeza pamoja na chai. Anauliza kama bustani yako ina bembea. Nimemwambia sijui.

Fanya kazi kama nilivyokufundisha. Ufagio kabla ya jua, uwanja uwe mweupe, mtu akidondosha sindano aione. Msimamizi atakosa la kusema.

Mama yako

17 Machi

Mama,

Shikamoo. Salamu za goti na za pengo zitangulie, habari mbaya zifuate.

Nimeharibu kazi. Nilikuwa namaliza njia mapema, naona mteremko wa pembeni una majani makavu mpaka kwenye vifundo vya miguu, na vichaka vimejiotea tu. Nikaona aibu kama vile ni uwanja wako. Nikafagia wote, nikang'oa vichaka, udongo ukabaki na mistari ya ufagio. Nikasimama kuutazama, nikafurahi.

Msimamizi wetu, tunamwita Bwana Miwani, akapita. "Nani kaunyoa huu mteremko?" Nikasema ni mimi, nikingoja kusifiwa. Kumbe pale pameachwa vile makusudi. Alisema majani ni blanketi la udongo, na vile vichaka vilikuwa miti ya baadaye.

"Na kinyozi hakutoza hata senti," akasema mwenzangu wa toroli. Walicheka wote. Mvua iliyofuata, udongo uliteremka ukaziba njia ileile niliyopewa niitunze.

Sijafukuzwa. Nayarudisha majani kwa toroli kutoka kwenye lundo. Nimeambiwa tutaonana mwisho wa majaribio. Habari za chumba usimwambie mtoto kwanza.

Mwanao

10 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Sijapata jibu la barua ya Machi. Labda ilipotea, labda umekasirika.

Mvua zimenyesha tena na njia imebaki safi, maji yalishuka taratibu. Juzi Bwana Miwani alichuchumaa pale mteremkoni, akafunua majani kwa kidole. Kulikuwa na mche, mdogo kama kijiti cha kiberiti. "Kinyozi," akasema, "nywele zinaota." Akaingiza mkono mfukoni akanipa ufunguo.

Chumba kina kitanda kimoja, ndoano mbili ukutani na dirisha linalotazama bembea. Ile ndoano ya chini nimeiacha tupu.

Mwanao

2 Julai

Mwanangu,

Marahaba ya barua zote mbili. Hazikupotea. Ya kwanza sikujua nikujibu nini, maana ufagio ule ni wangu. Ya pili sikuwa na haraka nayo. Mtoto akiondoka hapa tunabaki mimi na goti.

Nilimsomea zote, ingawa ulinikataza. Hakuuliza chumba. Aliuliza kama mteremko umeshafunikwa wote. Tangu hapo haniachi nichome majani ya uani. Anayajaza kwenye gunia, anasema ni ya mteremko wa mama. Nimemwambia huko yapo tele. Hasikii, ni wewe mtupu.

Jumamosi tunapanda basi. Mimi nitakaa wiki moja, labda mbili, nikione hicho chumba. Gunia tunakuja nalo.

Usijibu barua hii, jibu halitatukuta.

Mama yako